Msaada wa Njiani: Kutoka Hongo Hadi Bima

  Nawasalimu hasa ninyi mliokusanyika madarasani Bukoba, Katoro, Kamachumu, Nshamba na Muleba mjini. Waalimu wa madarasa, andikeni ubaoni maneno manne: hongo, ada, bima, fidia. Tutayahitaji leo.

Somo la leo lamhusu kila mtu mwenye ndugu wa mbali. Kila mwezi wa Desemba barabara itokayo Dar es Salaam hujaa motokaa za watu wa kwetu wanaorudi kula sikukuu nyumbani. Mara nyingine safari si ya furaha. Jamaa amefariki dunia mjini, na ukoo unakodi gari ili azikwe katika kibanja cha baba zake. Njia hiyo ni ya zaidi ya kilomita 1,400. Je, gari likiharibika porini usiku, nani atakuja? Atatoka wapi? Na gharama ni ya nani?

Wengi hujibu, "Gari lina bima." Jibu hilo laweza kuwa kweli kabisa, na bado lisiwasaidie kitu usiku huo. Ili tufahamu sababu yake, turudi nyuma tutazame jinsi wasafiri wa zamani walivyojinunulia usalama wa njiani.

HONGO

Mwaka wa 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, walikuwa wakisafiri kwa miguu pamoja na wapagazi wao. Walipita Tabora, wakaelekea kaskazini, nia yao ikiwa kufika Karagwe na Buganda. Walipofika nchi ya Usui, pande za Biharamulo ya leo, walizuiwa. Mtemi wa nchi hiyo, Suwarora, alitaka hongo. Wageni walikaa siku nyingi wakibishana, na mwisho wakalipa kwa nguo, nyaya na shanga. Ndipo wakaruhusiwa kupita, na mwezi wa Novemba wakafika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, ambaye aliwapokea kwa ukarimu.

Siku hizi neno hongo lina maana ya rushwa, yaani malipo ya siri yenye aibu. Siku zile halikuwa na maana hiyo. Hongo ilikuwa malipo ya wazi. Mwenye nchi alipokea mali, na msafara ukapita katika nchi yake bila kushambuliwa. Lakini ilikuwa na kasoro moja. Hongo iliyolipwa kwa mtemi mmoja haikuwa na nguvu kwa mtemi wa pili. Ukivuka mpaka, waanza upya.

Hili ndilo fundisho la kwanza: kila malipo ya usalama yana mpaka. Kabla hujalipa, uliza yanafika wapi.

TIKITI

Mwaka wa 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wadachi, alijenga kituo Bukoba, kando ya ziwa. Baadaye zikaja meli na reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na reli ya Tanganyika ikafika Mwanza mwaka wa 1928. Tangu hapo mtu wa Bukoba aliyetaka kwenda Dar es Salaam aliweza kupanda meli mpaka Mwanza, kisha akaingia garimoshi.

Tazameni badiliko lililotokea. Msafiri wa meli hakubeba nyundo wala kamba. Mashine ilipoharibika, hakuitwa kuitengeneza. Alikuwa na tikiti, na kazi ya kumfikisha ilikuwa ya mwenye chombo.

Basi, fundisho la pili ni hili: jua mzigo ni wa nani. Mwenye tikiti na mwenye chombo hawana mzigo mmoja.

ADA

Kisha ikaja motokaa, na mzigo ukarudi kwa msafiri. Mwenye gari alikuwa ndiye nahodha, na mara nyingi ndiye fundi pia. Wazee wetu wanayakumbuka malori yaliyobeba kahawa. Dereva hakuondoka bila utingo, wala utingo hakuondoka bila jeki, sururu, mnyororo na tairi la akiba. Masika yalipokuja na lori likazama matopeni, wenyeji walitoka mashambani wakasukuma. Hapakuwa na mkataba. Palikuwa na ujirani, na labda shilingi chache za ahsante.

Huko Ulaya watu walitafuta njia nyingine. Mwaka wa 1905 wenye motokaa wa London waliunda chama chao. Hapo mwanzo kazi yake haikuwa kutengeneza magari. Chama kilituma watu wenye baiskeli kuwaonya wanachama mahali polisi walipojificha kupima mwendo! Lakini watu wale wale wa barabarani wakawa ndio wa kuwasaidia waliokwama. Mwaka wa 1919 chama cha namna hiyo kikaanzishwa Nairobi kwa ajili ya Afrika ya Mashariki.

Chama huendeshwaje? Tufanye hesabu ya mfano. Watu 100 watoa ada ya shilingi 10,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 1,000,000. Katika mwaka, watu 5 wakwama, na kumwokoa kila mmoja kwagharimu shilingi 150,000. Jumla ya gharama ni shilingi 750,000. Zinabaki shilingi 250,000 za kuendeshea ofisi. Wale 95 hawakupata kitu mkononi, lakini hawakudhulumiwa. Walinunua utulivu wa moyo.

Hesabu hiyo ni nzuri mahali penye magari mengi na mafundi wa karibu. Gari la kuvuta likiwa umbali wa maili tano, msaada huja upesi. Likiwa umbali wa safari ya siku nzima, ada ni ile ile, lakini msaada si ule ule. Fundisho la tatu: uliza msaada unatoka wapi.

Sasa tutanyamaza kwa dakika mbili. Mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi: je, kuna mtu hapa aliyewahi kukwama njiani? Nani alimsaidia, na alilipa nini?

BIMA

Tunaendelea. Tangu enzi za Waingereza sheria ya nchi yetu imemlazimisha mwenye motokaa kuwa na bima. Lakini bima hiyo ni ya nani? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Bima ya lazima, ile tuitayo bima ndogo, ni kwa ajili ya watu wengine. Ukimgonga mtu, yeye ndiye atakayefidiwa. Gari lako mwenyewe likiharibika, bima ndogo haina neno. Bima kubwa hulipa pia hasara ya gari lako likipata ajali, likiungua au likiibwa. Lakini hata bima kubwa, kwa kawaida, hailipi gari lililokufa kwa uchakavu. Ajali ni jambo moja, ubovu ni jambo jingine. Kuvutwa kutoka porini huwa ni kifungu cha peke yake. Pengine kimeandikwa, pengine hakikuandikwa.

Biashara hii nayo imepitia mikono mingi. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka wa 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, biashara yote ya bima iliwekwa mikononi mwa shirika hilo. Hivyo kwa miaka mingi hapakuwa na la kuchagua. Sheria ya mwaka wa 1996 iliwafungulia mlango watu binafsi, na sheria ya mwaka wa 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Leo makampuni ni mengi na karatasi ni nyingi. Kwa hiyo mtu asiyesoma karatasi yake huchaguliwa na wengine.

Tena yafaa kusoma yale ambayo bima haiyalipi. Sisi wa Kagera tuna sababu ya kulijua hilo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakapora mali na ng'ombe, na mwezi wa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Bima ya kawaida ya motokaa huondoa hasara ya vita. Hapo mwenye karatasi na asiye na karatasi huwa sawa.

KADI YA NJANO

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya M.V. Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakafa. Msiba huo haujasahauliwa katika nyumba nyingi. Wengi waliogopa ziwa, wakageukia barabara.

Lakini barabara ya kwetu ilikuwa mbaya, na mapori ya Biharamulo yalikuwa na majambazi, hata mabasi yakasindikizwa na polisi wenye silaha. Kwa hiyo yalikuwako mabasi ya Dar es Salaam yaliyofuata njia ndefu ya kushangaza: Arusha, Nairobi, Kampala, Masaka, Mutukula, ndipo Bukoba. Mtanzania alipita nchi mbili za kigeni ili kufika kwao!

Gari livukalo mipaka lahitaji bima inayotambulika ng'ambo. Mwaka wa 1987 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilianzisha Kadi ya Njano ya bima ya magari. Baadaye mpango huo ukawa chini ya soko la COMESA. Tanzania ilijitoa katika soko hilo mwaka wa 2000, lakini ikabaki katika mpango wa kadi. Msiichanganye na ile kadi nyingine ya manjano, ya chanjo ya homa. Kadi ya bima hufidia watu wa nchi ya pili utakaowadhuru, na husaidia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Haiji na gari la kuvuta. Kama ilivyokuwa hongo ya zamani, inakuvusha mpaka. Haikusukumi ukikwama.

TUCHAGUE NINI?

Leo lami ipo. Kipande cha kilomita 154 kutoka Kagoma, wilayani Muleba, mpaka Lusahunga kilitiwa lami, nacho kikatuunganisha na njia ya Kahama, Singida na Dodoma. Lakini lami haiondoi pancha, wala haipozi injini iliyochemka.

Turudi kwa ule ukoo wenye msiba. Wako Dar es Salaam, wamechanga fedha, na wanataka kuondoka alfajiri. Fundi mmoja anawauzia huduma ya kuvutwa kilomita 50 kwa bei nafuu. Wainunue? Chukueni kalamu. Kilomita 50 hazifikii hata theluthi ya kile kipande cha Kagoma na Lusahunga, na hicho ni sehemu ndogo ya safari nzima. Bei ni nafuu kwa sababu msaada ni mfupi.

Waulize maswali yetu matatu. Msaada unafika wapi? Unatoka wapi: wana mtu Kahama au Singida, au simu yote inaishia Dar es Salaam? Na mzigo ni wa nani? Swali hili la tatu ndilo kubwa kwao, maana gari si lao, ni la kukodi. Wasijibebeshe mzigo wa mwenye chombo. Kabla hawajalipa, waandike katika mkataba kwamba gari likiharibika, mwenye gari ataleta jingine kwa gharama yake, na kwamba ataleta gari linalofaa kuchukua jeneza na wafiwa, si kuvuta chuma tu. Hapo mkataba wao utakuwa kama tikiti ya meli. Tena wasimlipe fedha zote mwanzoni. Fedha iliyobaki mkononi ndiyo itakayomfanya apokee simu usiku.

Mwenye gari lake mwenyewe afanye vingine. Anunue bima kubwa kama uwezo upo, na aulize kwa maandishi kama kuvutwa kumo, na kwa kilomita ngapi. Fundi alikague gari kabla ya safari. Achukue tairi la akiba, jeki, maji na pembetatu za kuonya. Tena aweke fedha ya akiba, kwani akiba haiozi. Na akifika kwa watu njiani, asiwadharau. Ule ujirani wa kusukuma lori matopeni ndio msaada wa zamani kuliko bima yote, na mpaka leo ndio unaofika kwanza.

Ndugu wasikilizaji, Speke alijua mpaka wa hongo yake, kwa kuwa mwenye nchi alimwambia usoni. Sisi mpaka wetu umeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi. Ninyi mnaojifunza kusoma, someni huko nyuma kwanza, kisha ndipo mtie sahihi. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Ada: fedha itolewayo na mwanachama kila mwaka.
Fidia: malipo kwa mtu aliyepata hasara.
Hongo: zamani, malipo ya kupita katika nchi ya mtawala, sasa, rushwa.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

MASWALI

1. Kwa nini hongo iliyolipwa Usui haikutosha kwa safari nzima?
2. Eleza tofauti ya bima ndogo na bima kubwa.
3. Kadi ya Njano yamsaidia nani, na haifanyi nini?
4. Andikeni pamoja, kwa sentensi tatu, mkataba wa kukodi gari kutoka Dar es Salaam mpaka Muleba.