Nani Atazame, Nani Asikie: Maonyesho ya Pwani ya Kusini katika Karne ya 19

Katika karne ya 19 hapakuwa na jumba la maonyesho popote kati ya Likoni na Vanga, pwani ya kusini ya Kenya. Kazi ambayo Milan na Paris waliijengea majumba ya opera, ya kukusanya watu, kuwapanga kwa vyeo na kuwashika kwa sauti, huku ilifanyika katika uwanja uliofyekwa msituni, mbele ya nyumba ya mtawala, au kijijini chini ya mwembe. Kuta hazikuwapo, ila masharti ya nani akae wapi na aone nini yalikuwapo, na kwa kiasi fulani yaliushinda ukali wa Ulaya.

Makali kuliko yote yalikuwa ya kaya. Wadigo, wenyeji wa pwani hii, kama Wamijikenda wenzao, hapo zamani waliishi ndani ya kaya, yaani vijiji vilivyozungukwa na msitu mnene. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mojawapo ya kaya zao kuu, na imo katika misitu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Vijia vyembamba vilipenya msitu hadi katikati, walipokutana wazee. Wamisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Charles New, aliyefika mwaka 1863, wote wawili waliandika habari za mwanza, ngoma ya siri ya wazee wa Kimijikenda. Ni gogo lililochimbwa ndani na kuwambwa ngozi upande mmoja. Haipigwi, husuguliwa, na mngurumo wake ni kama wa mnyama mkubwa. Iliposikika, wanawake, watoto na wanaume wasiopitia daraja za uzee walipaswa kujificha. Mwenye kuiona bila ruhusa alikuwa na kesi ya kujibu.

Basi hadhira kubwa ya mwanza ilikuwa watu waliokatazwa kuitazama. Mwaka 1876 mtunzi wa opera Richard Wagner alifungua ukumbi wake wa Bayreuth, Ujerumani, na wapiga muziki akawatia shimoni chini ya jukwaa wasionekane. Yeye alitaka macho ya watu yabaki kwenye mchezo. Wazee wa kaya walikuwa na hesabu nyingine: chombo kilichofichwa kiliipa amri yao uzito, kwa kuwa hakuna anayebishana na sauti asiyojua inatoka wapi. Katika ufundi wa kutawala kwa sauti, Wagner alikuwa mwanafunzi tu.

Katika mji wa Vumba, upande wa Vanga na kisiwa cha Wasini, mambo yaligeuka: huko cheo kilikuwa cha kuonekana. Mtawala wake aliitwa Diwani, na A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha historia ya mji huo mwaka 1900. Siwa, yaani pembe ya kupulizwa, na ngoma za enzi, kilemba na viatu vilikuwa alama za utawala ambazo mtu wa kawaida hakujivalia wala kujipigia apendavyo. Utawala wenyewe ulipokelewa kwa karamu. Kwa hiyo maonyesho ya Vumba hayakuwa na mchezo mwingine zaidi ya heshima ya mtu mmoja mbele ya mji. Ukumbi wa La Scala wa Milan haukuwa mbali sana na hayo: vyumba vya pembeni vilimilikiwa na familia tajiri, na wengi walikwenda kuonwa kuliko kusikiliza.

Ngoma ya kijiji ndiyo iliyokuwa ya wote. Sengenya, inayochezwa na Wadigo na Waduruma hadi leo, huongozwa na nzumari juu ya mlio wa ngoma za ukubwa mbalimbali, na ngozi hupashwa moto kwanza zikaze. Watazamaji huizunguka, na anayetazama sasa baadaye huingia kucheza, kwa hiyo mpaka wa jukwaa hauna pa kuchorwa. Taa ilikuwa mwezi. London iliwasha ukumbi wa Savoy kwa umeme mwaka 1881. Msambweni ilisubiri mbalamwezi.

Opera yenyewe iliikaribia pwani hii kupitia Misri. Jumba la opera la Kairo lilifunguliwa mwaka 1869 kwa Rigoletto ya Verdi, na Aida ikaonyeshwa humo kwa mara ya kwanza mwaka 1871. Miaka hiyohiyo Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar na ukanda huu wa pwani kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Kairo, ila si wa Verdi. Masimulizi ya taarab yanasema alileta wapiga muziki wa Kimisri, kisha akamtuma Mzanzibari Mohamed Ibrahim huko Kairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Muziki huo ulianza ndani ya jumba la kifalme, kwa walioalikwa.

Mwisho wa karne Wadigo wengi walikuwa wameshahama kaya na wanaendelea kusilimu, na mwanza ikapoteza watu wa kuiogopa. Ngoma ya kijiji haikufa. Taarab nayo ilitoka jumbani: klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa Zanzibar mwaka 1905, mwimbaji Siti binti Saad akarekodi santuri Bombay mwaka 1928, na muziki wa wageni waalikwa ukawa wa harusi za pwani nzima, ambako mtazamaji huinuka kwenda kumtuza mwimbaji mbele ya wote.