Maneno ya herufi tano yanayotamatika kwa 'ough'

KIINGEREZA kina kundi dogo la maneno ya herufi tano yanayotamatika kwa 'ough', ambayo maandishi yake hulandana ilhali matamshi yanakinzana. 'Rough', yaani enye kukwaruza, na 'tough', yaani gumu, hutamkwa 'raf' na 'taf'. 'Cough', kikohozi, huwa 'kof'. Lakini 'dough', unga uliokandwa, huwa 'dou', nalo 'bough', tawi kubwa la mti, huwa 'bau'. 'F' haisikiki kabisa.

Zamani 'gh' iliwakilisha sauti iliyokaribiana na 'kh' ya 'kheri'. Baada ya William Caxton kuanzisha upigaji chapa Uingereza mwaka wa 1476, tahajia ilizidi kuganda, ilhali sauti hiyo ilitoweka katika baadhi ya maneno na kugeuka 'f' katika mengine. Masalio yake yangali yanasikika Ireland katika 'lough', yaani ziwa, kama vile Lough Neagh.

Mtahiniwa wa KCSE anayeulizwa matamshi katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza hana kanuni ya kumwokoa hapa. Aliyezoea Kiswahili, kinachosomwa jinsi kilivyoandikwa, ndiye huponzwa zaidi. Hana budi kukariri kila neno peke yake, tena kwa kulisikia.