Pasi, Kibali na Boda: Historia ya Ruhusa za Muda katika Mpaka wa Busia na Tororo

Historia ya ruhusa za kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda haitoshelezwi na sheria peke yake. Ni lazima kuyachunguza pia majina ya ruhusa hizo. Makala hii inadai kwamba mvukaji asiyelijua jina la hati anayostahili huikosa haki ambayo sheria imekwisha kumpa.

Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki katika Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Koloni la Kenya mwaka 1920. Mwaka 1926 mpaka ulifafanuliwa kwa amri ya kifalme. Wasamia na Wateso wakabaki pande zote mbili: shamba huku, wakwe kule. Uhuru wa Uganda (1962) na wa Kenya (1963) uliwafanya watu wa ukoo mmoja kuwa raia wa nchi mbili, na neno "mgeni" likapata maana ya kisheria kati ya ndugu. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu za magharibi mwa Kenya. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Mpaka huo ulizaa msamiati wake. Waendesha baiskeli wa Busia waliobeba abiria kati ya vituo viwili vya mpakani hutajwa kuwa chimbuko la neno "bodaboda". Anayekikwepa kituo husemwa amepita "njia za panya".

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, ilizitenganisha ruhusa kwa raia wa Jumuiya. Mgeni hupewa pasi ya hadi miezi sita. Mwanafunzi hupewa pasi ya hadi mwaka mmoja, nayo huhuishwa. Mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 huomba kibali cha kazi. Kwa watalii wa nje, viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda ilianza mwaka 2014, kwa dola 100 na siku 90.

Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, "pasi" ni pasipoti na pia ni ruhusa yoyote ya kuingia. Mchuuzi wa Tororo anayeambiwa alete pasi huweza kudhani kwamba kitambulisho chake cha taifa hakitoshi, akaifuata njia ya panya. Mwanafunzi naye huweza kudhani kwamba muhuri aliogongewa mpakani unamtosha kwa masomo yote, hadi miezi sita ipite na ukaaji wake uwe kosa.

Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi, na maafisa wa nchi mbili wakawa chini ya paa moja. Mwaka 2021 Jumuiya ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Kinachosalia ni kuyasanifu majina matatu, yaani pasi ya mgeni, pasi ya mwanafunzi na kibali cha kazi, na kuyabandika dirishani pamoja na muda na masharti ya kila hati. Kazi hiyo ni ya wanaistilahi kabla ya kuwa ya askari wa mpakani.