Upana wa pine: namba gani inafaa gari yako hapa Goma?

Mu muji wa Goma, mashofere wengi wanaamini kama pine pana ndiyo yenye nguvu. Wengine wanafunga yoyote ile wamepata kwa bei ya chini, mradi inaingia kwenye janti. Lakini pine isiyolingana na gari inaweza kugusa bodi wakati wa kukata kona, ao kupasuka gari ikiwa imejaa watu na mizigo.

Kusoma namba

Kwenye ubavu wa pine kunaandikwa, kwa mufano, 195/65 R15 91H. 195 ni upana kwa milimeta. 65 inaonyesha urefu wa ubavu: asilimia 65 ya upana ule, ni kusema karibu milimeta 127. R ni aina ya pine (radiali), 15 ni ukubwa wa janti kwa inchi. 91 ni muzigo: pine moja inabeba mpaka kilo 615. H ni mwendo wa mwisho, kilometa 210 kwa saa.

Kipimo cha gari kiko wapi?

Kiko kwenye kibandiko, pembeni ya mulango wa shofere. Gari nyingi za hapa zinatoka Japani na volani iko kuume, basi kibandiko pia kitafutwe upande ule. Hewa imeandikwa kwa kPa: 220 kPa ni bari 2,2.

Ukiongeza upana

Kutoka 195/65 R15 kwenda 215/65 R15, pine nzima inakuwa kubwa kwa asilimia 4 hivi. Saa ya mwendo inaonyesha 80, kumbe gari iko karibu 83. Kwa kawaida tofauti isipite asilimia 3. Ndiyo maana mwenye kuongeza upana anapunguza ubavu, kama 205/60 R15. Na hapo ndipo shida ya Goma inaanza.

Makoro hayahurumie ubavu mufupi

Muji umejengwa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya muji mpaka ziwani, na ile ya 2021 ikafika pembeni. Mu avenue zisizo na lami, makoro makali yanakata ubavu. Ubavu murefu unameza mushituko. Ule mufupi unabanwa kati ya jiwe na janti. Pine pana kupita janti inatokeza inje, na jiwe linaikuta mbele ya yote. Mvua ikinyesha, pine pana iliyokwisha meno inaelea haraka juu ya maji ya lami, na freni hazishike tena.

Mbele ya kulipa

- Pine mbili za mbele ziwe na kipimo kimoja, na mbili za nyuma vilevile. Kwa gari inayovuta magurudumu yote mane, zote ine zifanane.
- Namba ya muzigo isishuke chini ya ile ya kibandiko, zaidi kwa gari za teksi.
- Kwa pine ya okazio, tafuta tarakimu 4 za mwisho za DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.
- Kisha kufunga, zungusha volani mpaka mwisho, kuume na kushoto. Ikigusa popote, haifai.

Kipimo cha kibandiko kikikosekana sokoni, bora kukaribia upana ule ule bila kufupisha ubavu, na kuhakikisha namba ya muzigo.