Vyakula na mvinyo wa Wabasque: Mwongozo kwa msafiri

JAMII ya Wabasque huishi kati ya milima ya Pirenei na Ghuba ya Biscay, baadhi yao wakiwa kaskazini mwa Uhispania na wengine kusini-magharibi mwa Ufaransa. Lugha yao, Euskara, haina uhusiano unaojulikana na lugha nyingine yoyote duniani.

Chini ya utawala wa Jenerali Francisco Franco, uliokoma alipofariki mwaka wa 1975, lugha hiyo ilifungiwa nje ya shule na afisi za serikali. Jikoni hali ilikuwa tofauti. Hakuna aliyezuiwa kupika alivyofunzwa na nyanyake. Ndiposa mgeni anayezuru eneo hili wakati wa likizo hujifunza mengi kuhusu wenyeji akiwa mezani.

Safari nyingi huanzia mji wa Donostia, ambao kwa Kihispania huitwa San Sebastián. Humo, baa hupanga juu ya kaunta vitafunio vidogo viitwavyo pintxo (hutamkwa 'pincho'). Desturi ni kula kimoja au viwili ukiwa umesimama, kisha kuhamia baa nyingine. Kinachosifika zaidi ni gilda: zeituni, pilipili ya siki na samaki mdogo wa chumvi afananaye na dagaa, vyote vikiwa vimechomekwa kwenye kijiti. Jina hilo lilitokana na filamu ya mwaka wa 1946 ambamo Rita Hayworth aliigiza.

Chakula cha pili ni bakalao, samaki wa bahari baridi anayehifadhiwa kwa chumvi, mithili ya ng'onda wa Pwani yetu. Katika karne ya 16, mabaharia wa Kibasque walivuka Atlantiki hadi pwani ya Kanada kuwinda nyangumi na kuvua samaki huyo. Katika mapishi ya pil-pil, bakalao hupikwa kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na pilipili. Mpishi hutikisa sufuria taratibu hadi utomvu wa ngozi ya samaki uchanganyike na mafuta na kuwa mchuzi mzito, bila kutiwa unga. Wavuvi pia ndio asili ya marmitako, mchuzi wa jodari na viazi uliopikwa melini.

Kuanzia Januari hadi Aprili, wenyeji humiminika katika nyumba za mvinyo wa matufaha zilizoko Astigarraga na Hernani. Mwenyeji hupaza sauti, "Txotx!" (hutamkwa 'choch'), kisha wateja huinuka kukinga kwa bilauri mvinyo unaochirizika kutoka kwenye pipa kubwa. Huandaliwa kimanda cha bakalao, pande nene la nyama ya ng'ombe lililochomwa kwa makaa, na hatimaye jibini la Idiazabal, ambalo hutokana na maziwa ya kondoo, pamoja na jozi.

Mvinyo wa zabibu wa pwani hiyo ni txakoli (hutamkwa 'chakoli'), mweupe, mkali kidogo na wenye povu jepesi. Humiminwa kutoka juu ili uchangamke. Katikati ya karne ya 20 mashamba yake yalikuwa yamepungua mno. Wakulima wa Getaria waliufufua, na mwaka wa 1989 jina lake likapata ulinzi wa kisheria. Anayependa mvinyo mwekundu huelekea kusini, mkoani Álava, kwenye mizabibu ya Rioja.

Hata hivyo, urithi huu una doa. Tangu karne ya 19, wanaume wa Donostia wameunda vyama vya upishi ambapo wanachama hupika na kula pamoja. Kwa miaka mingi wanawake waliruhusiwa kuingia kama wageni tu, wala hawakukanyaga jikoni, ilhali mapishi mengi yalitoka kwa mama na nyanya zao. Siku hizi baadhi ya vyama huwasajili wanawake, lakini vingine vingali vinakataa, na mjadala unaendelea.

Kwa msafiri, ushauri ni mfupi. Kula kila chakula katika msimu wake, uliza jina lake kwa Euskara, na umuulize mwenyeji aliyemfunza kukipika. Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa, na Wabasque wameilinda asili yao kwa chungu na kijiko.