Insulini, Uzee na Siri ya Misuli

Januari mwaka 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 alidungwa insulini iliyotokana na utafiti wa Frederick Banting na wenzake. Wengi waliamini kwamba kitendawili cha kisukari kimeteguliwa: kongosho likishindwa kutoa homoni hiyo, mgonjwa huongezewa kwa sindano.

Hata hivyo, mwaka 1936 daktari Harold Himsworth wa London alitia shaka. Aliwanywesha wagonjwa maji ya glukosi na kuwadunga insulini kwa wakati mmoja. Kwa baadhi yao sukari ilidhibitiwa. Kwa wengine, hasa watu wa makamo na wazee, ilipanda kana kwamba sindano haikufua dafu. Hawakupungukiwa insulini tu; miili yao haikuitii.

Ushahidi zaidi ulipatikana New York. Mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson walichapisha mbinu ya kupima insulini katika damu, na kuonyesha kwamba wengi walioanza kuugua ukubwani walikuwa nayo kwa wingi. Yalow alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo cha Berson.

Je, usugu huo umejificha wapi? Uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye misuli, ambayo hupokea sehemu kubwa ya sukari inayoondolewa damuni kwa amri ya insulini. Mwaka 1979 Ralph DeFronzo wa Marekani alibainisha kuwa hata wazee wasio na kisukari hutumia glukosi kidogo kuliko vijana, ingawa kiwango cha insulini ni kilekile.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalinganisha wazee na vijana wenye maumbile yanayofanana. Katika misuli ya wazee, mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, vilikuwa vimepunguza kazi kwa takriban asilimia 40, na mafuta yalikuwa yamejilimbikiza ndani yake.

Lakini historia hii haiishii katika hukumu ya umri. Msuli unapojikaza hufungua njia ya kupokea sukari bila kusubiri insulini. Ndiyo maana madaktari huwahimiza wazee watembee na kunyanyua vitu vizito kwa kadiri ya uwezo wao. Mzee anayeketishwa kutwa kwa heshima huenda ananyimwa sehemu ya tiba yake.