Uchumishaji wa Uvumbuzi

Limezuka katika hotuba za waheshimiwa, na katika mabango ya maonyesho ya wabunifu, na hatimaye katika taarifa za ofisi ambazo hapo kale zilikuwa na makarani wajuao Kiswahili, neno "ubiasharishaji", na kila ninapolisoma hujiona kama mtu aliyetafuna mchanga ndani ya wali. Husemwa ubiasharishaji wa teknolojia, ubiasharishaji wa matokeo ya utafiti, ubiasharishaji wa bunifu. Na maana inayokusudiwa haihitaji kufasiriwa hapa, kwani ni nani asiyejua kwamba taifa laweza kuzaa wavumbuzi wengi na lisionje faida ya uvumbuzi wao, kwa sababu njia ya kutoka karakana hadi dukani ni ndefu na wengi huishia katikati? Ninalogombana nalo ni jina, si jambo, ingawa nitadai kwamba jina baya limelipotosha jambo lenyewe.

Watetezi wake, ambao sitawataja kwa kuwa baadhi yao ni majirani zangu na adabu yataka tuendelee kusalimiana, hujikinga kwa ngao ya sarufi. Hunena kwamba ikiwa taifa lilizaa kutaifisha, neno lililoenea mara baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na ikiwa binafsi ilizaa kubinafsisha pale mashirika yale yale yalipouzwa katika miaka ya 1990, basi biashara nayo ina haki ya kuzaa kubiasharisha, na mlango wa -isha hauna bawabu. Hoja hii naikubali nusu. Kiambishi hicho kikipandikizwa hivyo, maana yake ni kukigeuza kitu kiwe kile kinachotajwa: kilichotaifishwa kimekuwa cha taifa, kilichobinafsishwa kimekuwa cha mtu binafsi, na kilichobiasharishwa, kwa kipimo hicho hicho, kimekuwa biashara. Ndiyo maana wananchi, ambao masikio yao ni makali kuliko ya kamati, wamelitwaa neno hilo wakalifanya tusi. Tunasoma kila mara malalamiko kwamba elimu imebiasharishwa, kwamba dini imebiasharishwa, kwamba siasa imebiasharishwa, wala hakuna mlalamikaji hata mmoja aliyekusudia kusifu. Sasa yawaje fundi aliyekesha akibuni mashine ya kukamua mafuta ya alizeti aambiwe, kwa neno lile lile wanalokaripiwa nalo manabii wa uongo, kwamba serikali inamtakia heri?

Tena lina kasoro ya asili. Biashara, kwa kauli ya wajuzi wa lugha, ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyogandamana, yaani kuuza na kununua, na lile la kwanza tungali nalo peke yake katika bei ya kitu. Ni neno la watu wawili wanaokabiliana juu ya mzigo uliokwisha kuwapo, huyu akitoa na yule akipokea. Halina habari yoyote ya aliyeutengeneza mzigo. Wazee wetu wa Pwani, waliokwenda na majahazi hata Maskati na Bombay, walikuwa pia na tijara kwa faida ipatikanayo, na tajiri kwa mwenye kuifanya kazi hiyo, ingawa tajiri kwa kupita miaka aliacha kuwa mfanyabiashara akawa mwenye ukwasi tu, hata kutajirisha kukawa kumpa mtu mali. Yuko aliyependekeza utijarishaji, neno lenye haiba yake, ila kila linapotokea linahitaji mwalimu wa kulifasiri.

Neno ninalolitetea mimi ni uchumishaji. Kuchuma ni kitenzi ambacho Mswahili hukijua kabla hajajua kuhesabu: mtoto huchuma maembe, nyanya yake huchuma mchicha na asumini, na mtu mzima huchuma mali, chumo ni pato la mtu, mchumi ni ajuaye njia za mapato, na kutoka katika shina hilo hilo lilichipuka uchumi, ambalo leo limebeba elimu nzima yenye maprofesa na mawaziri bila kulalamika uzito. Mwenye kuchuma lazima awe na mti, na mti lazima uwe umepandwa na mtu, na matunda yakishuka swali la kwanza ni nani aliyeyashusha na kapu ni la nani. Maswali hayo yote yamo ndani ya neno. Kuuchumisha uvumbuzi ni kuufanya utoe chumo, kama vile kuzalisha, ambako asili yake ni kazi ya mkunga, kulivyoingia viwandani kukatupa uzalishaji, na hakuna aliyelia kwamba mashine hazina mimba.

Waraka wangu juu ya neno hili niliupeleka kwa wahusika kwa njia ya heshima, ukiwa umepigwa chapa na kutiwa saini. Jibu lililorudi lilikuwa la mistari miwili, na katika mistari hiyo miwili jina langu lilikosewa. Katika baraza jingine bwana mmoja alisimama akauliza, huku wenzake wakicheka, kama uchumishaji ni kugeuza kitu kiwe chuma. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo: uchumi ulipopita mbele yake hakuuliza kama umetengenezwa kwa bati.

Lau mabwana hao wangetoka ofisini wakaenda Nairobi, sehemu za Shauri Moyo na Kamukunji, wangeliona neno langu likifanya kazi. Jiko la kauri la Kenya lilipotokea mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilikuwa limetokana na jiko la Thailand lililosanifiwa upya ili lifae sufuria na mapishi ya huku. Bati la nje hukatwa na kukunjwa kwa nyundo, likabanwa kiunoni na kutanuka juu na chini. Katika nusu ya juu huwekwa bakuli la udongo uliochomwa lenye matundu, likashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti. Jivu hudondoka katika nusu ya chini, penye kijimlango cha kupitishia hewa. Mkaa hupungua kwa theluthi, na kwa mpishi mwangalifu hata kwa nusu. Mfinyanzi alipata chumo, mkata bati akapata, mchuuzi akapata, na jiko likavuka mipaka likaja Tanzania kwa jina la Jiko Bora, likaenda Uganda na Rwanda. Huo ndio uvumbuzi uliochumishwa nyumbani, tena bila hataza ya mtu yeyote. Walakini wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na mafundi hao, ambao jua kali limekuwa ndilo jina la kazi yao, aghalabu huchuma juani na kulia juani, kwa kuwa kila mmoja humwiga mwenzake na bei hushuka hadi faida ikabaki ya chumvi.

Kinyume chake ni habari ya Ziwa Bogoria, lenye maji ya moto na magadi katika Bonde la Ufa. Vijidudu vilivyochotwa humo na watafiti wa kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilifika kwa kampuni ya Genencor, vikatoa vimeng'enya vya kupaushia suruali za jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likapaza sauti kudai haki yake. Huo, kwa hakika, ni ugunduzi wala si uvumbuzi, kwa kuwa vijidudu vilikuwapo tangu azali. Bali yatosha kuonyesha kwamba kitu chaweza kufanyiwa biashara kubwa sana na wenye nchi wasichume hata jani.

Na sheria zenyewe zilichelewa. Mpaka sheria ya mwaka 1989, mvumbuzi wa Kenya hakuweza kulindwa kwao ila kwa kusajili hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Kenya hiyo hiyo, kwa agizo la Rais Moi la mwaka 1986, iliwapa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kuunda gari la Nyayo. Machache yalionyeshwa mwaka 1990 kwa shangwe, na hakuna raia aliyepata kulinunua. Sisi nasi tuna Nyumbu, gari la wahandisi wa Kibaha, ambalo sifa zake nimezisikia mara nyingi kuliko nilivyoliona barabarani. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi kwa chujio lake la maji, na fedha zake, paundi 25,000, zilitoka kwa Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha London. Kwa nini ziwe za London? Biashara hatukupungukiwa nayo. Kariakoo hufanya biashara alfajiri hata usiku, na rafu zake zimejaa vitu vilivyovumbuliwa na kuundwa kwingine. Kilichokosekana ni mtu wa kumgharimia mvumbuzi katika ile miaka ya kungoja, na benki itakayoipokea hataza kuwa rehani badala ya kudai hati ya nyumba. Na hayo neno ubiasharishaji haliyadai, kwa kuwa lenyewe huanza hesabu mzigo ukiwa tayari kauntani.

Watasema kuchumisha kutachanganywa na kazi ya mnyapara anayewachumisha vibarua chai. Na kuchanganywe, muktadha upo kwa ajili hiyo. Kuhusu matumizi, hayana ugumu: tuseme kuchumisha uvumbuzi, uvumbuzi uliochumishwa, mfuko wa uchumishaji, na anayefanya kazi hiyo tumwite mchumishaji.

Nawasihi wahariri na watunzi wa vitabu vya shule walijaribu neno hili, hata kwa majaribio. Na mwenye neno lililo bora kuliko haya mawili na alilete barazani, nitalipokea kwa mikono miwili, kwa sharti moja tu: asiwe amelitafuta kwa kufungua kamusi ya Kiingereza kwanza.